Nilivunja Mchezo wa Mtaa kwa Mdomo Wangu

Nimekosa. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkasoma hadi katikati mkadhani natafuta wa kunionea huruma. Nilimkosea mtu ambaye hakuwahi kunifanyia lolote ila wema, na nilimkosea hadharani, jua likiwaka, mtaa mzima ukitazama.

Hilo mtaa unalijua. Kuna jingine ambalo hadi juzi nilikuwa nikilijua peke yangu, na hilo ndilo hasa lililonishikisha kalamu.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na minne kwenda skuli ya bweni bara, nikaunganisha na chuo kikuu, na kwa miaka yote hiyo kwetu nilikuwa mtu wa likizo tu. Mwaka jana nikarudi na shahada. Tangu hapo nangoja barua ya kazi kutoka Nairobi.

Kungoja hakumfai mtu kama mimi, kwa sababu nina ugonjwa wa kufikiri. Mtu akiniuliza "Habari?" nikamjibu "Nzuri," nitatembea hadi nyumbani nikijiuliza kama ile "nzuri" niliitamka kwa kiburi. Uhuru umekuja, kila mkutano twaambiwa vijana wenye elimu ndio nguzo za nchi. Na mimi nguzo nashinda dirishani, naangalia kama mpeleka barua atapinda kona yetu!

Rafiki yangu wa utotoni nitamwita Mbarak, ingawa si jina lake. Ni fundi cherehani katika baraza ya duka moja la nguo, Biashara Street. Babake alifariki mapema, hivyo akasoma Kurani tu kisha akashika sindano. Lakini ana sauti, jamani! Akisema neno kiwanjani, bibi kizee aliye ghorofani na masikio yake mazito huuliza nani amemwita.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya awe nyota wa kikundi cha michezo ya kuigiza cha mtaa wetu. Mkuu wa kikundi ni Ami Shee, mwokaji mikate. Kila kaskazi, joto linapofanya watu wasitake kukaa ndani, kikundi hupanga mbao juu ya mapipa katika kiwanja kilicho nyuma ya Ndia Kuu na kutuchekesha baada ya sala ya alasiri, wakati vivuli vya nyumba vimeshaanza kutufunika.

Asubuhi moja Mbarak alikuja kwetu na bahasha.

"Nisomee, ndugu yangu," akasema. "Herufi hizi za kizungu mimi si zangu."

Ilikuwa barua kutoka redioni. Walikuwa wamesikia habari zake. Walitaka mtu wa michezo ya redio, na bwana mmoja angekuja kumtazama siku ya mchezo wetu. Akimpendeza, atapewa kazi ya kudumu.

Mbarak alikaa chini pale pale barazani.

"Mdomo wangu huu! Mdomo ambao mamangu alikuwa akiufunga kwa kofi, leo waitwa kazini!" Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akapunguza sauti. "Sasa ni hivi. Nifunze hizi herufi. Wewe ni msomi, huwezi kushindwa. Na hili libaki kati yetu."

Nikamjibu, "Ngoja nifikiri."

Kweli nikafikiri! Nianze na irabu au na jina lake? Nikimfunza vibaya, si atalaumu elimu yangu? Na nikimfunza vizuri, watu hawatasema nimegeuka mwalimu wa watu wazima kwa kukosa kazi? Wiki ya kwanza ikapita. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia natafuta kitabu kinachofaa. Mara ya tatu hakuuliza.

Siku ya mchezo ikafika, bado nafikiri.

Nataka mjue kwamba alasiri ile nilifurahi. Sijui kama nimefurahi hivyo tangu nirudi. Wanaume tulikaa upande mmoja, juu ya mikeka. Wanawake walikaa upande wa pili, nyuma ya kamba iliyotundikwa mashuka, na mamangu alikuwa mbele kabisa, namwona kwa mianya ya mashuka. Madirishani vichwa vimejaa. Harufu ya viazi vya karai inakuja kwa mawimbi. Mbele, juu ya kiti cha pekee, alikaa yule bwana wa redio, shati jeupe, miwani ya jua, daftari mapajani.

Mbarak akatoka nyuma ya pazia amevaa koti. Koti la sufu, ndani ya joto lile! Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Aliigiza mtu aitwaye Bwana Ngoja Kwanza. Muuza kahawa akapita na dele lake.

"Kahawa, bwana! Chungu au ya tangawizi?"

"Ngoja kwanza," akasema Mbarak. Akakuna kidevu. Akazunguka. Akatazama mbinguni. "Ukiniuliza chungu, wauliza ladha au wauliza hali ya moyo?"

"Nauliza kahawa, bwana!"

"Ngoja kwanza."

Muuza kahawa akangoja, akachoka, akanywa kahawa yote mwenyewe, akaenda zake. Halafu wakaja watu wa posa. "Bwana, binti wamtaka au humtaki?" Ngoja kwanza! Wakarudi baada ya mwaka. Ngoja kwanza! Mara ya tatu alikuja binti mwenyewe, ameshaolewa kwingine, amembeba mjukuu mgongoni, na yeye bado akuna kidevu.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wallahi, nilicheka kuliko wote. Jirani yangu mkekani alikuwa akinitazama, naye anacheka, na mimi nikampiga begani nikamwambia, "Huyu mtu ni mjinga kweli!"

Kisha Mbarak akageuka upande wetu, na nikaona doa la wino kwenye mfuko wa lile koti.

Doa lile nalijua. Kalamu yangu ilivuja chumba cha mtihani.

Koti lilikuwa langu. Kule kukuna kidevu kulikuwa kwangu. "Ngoja kwanza" ilikuwa "ngoja nifikiri" yangu, niliyompa yeye mlangoni kwetu alipokuja kuomba msaada. Nikatazama huku na huku, na kila jino nililoliona nililiona linanicheka mimi. Jirani yangu hakuwa akicheka nami, alikuwa akinicheka! Nikakumbuka barua ya kazi isiyokuja. Nikafikiri: kumbe mtaa wote wajua. Kumbe kila nikipita husema. Kumbe hata koti wameniibia wanivue nguo mbele ya watu!

Nikainuka.

Watu walipoona nimeinuka wakapiga makofi. Hilo nalo likanichoma. Wakanipisha njia hadi mbele. Mkono ukatoka baina ya mashuka ya upande wa wanawake ukanipa koja la asumini, na mimi sikuelewa, nikaliacha likaanguka mchangani. Mbarak akainamisha shingo akitabasamu, kama mtu angojaye kuvishwa kitu.

Nikapayuka.

"Mwanicheka mimi? Muulizeni huyu kama ajua kusoma! Barua yake ya redio nilimsomea mimi! Yuataka kazi ya redio na hajui kusoma wala kuandika! Jahili mkubwa!"

Makofi yakakatika. Ami Shee alishika kichwa.

Mbarak alivua koti, akalikunja vizuri kama akunjavyo nguo ya mteja, akanipa mkononi.

"Ahsante kwa koti," akasema polepole. "Mamako ndiye aliyenipa."

Nyuma yangu nilimsikia bwana wa redio akimwambia Ami Shee, "Sauti anayo, mzee, sikatai. Lakini sisi mchezo twasoma kwenye karatasi, na karatasi yaja asubuhi ile ile. Mbona hamkuniambia?" Akafunga daftari. Akaondoka kabla mchezo haujafika mwisho, na kwa kweli haukufika.

Nyumbani mama alikuwa ameshatangulia. Hakuvua buibui. Alikaa juu ya kitanda cha ukumbini, mikono juu ya magoti.

"Mbarak alikuja hapa siku uliyokwenda Tononoka kuuliza kazi," akasema. "Akanitaka ruhusa akuige. Umesahau ada yetu? Haigwi mtu mpaka nyumba yake iombwe, na nyumba ikiridhika hutoa nguo yake. Na aigwaye huinuka mwenyewe akamvisha koja aliyemuiga. Watu wakamjua ni mtu wao."

"Sikujua, mama."

"Ulijua ulipokuwa mdogo. Babako aliigwa mara tatu, akiringa nayo mwezi mzima!" Akainua uso akanitazama. "Miaka yote hii hujaigwa hata mara moja. Watu hapa walikuwa wakikuona mgeni. Mbarak alipokuja nililia kwa furaha. Nikasema, haya, sasa mwanangu amerudi. Asumini ile niliitunga mimi."

Nilitaka kusema neno. Akainua mkono.

"Na jingine nikuulize. Miaka minne ulipokuwa chuo kikuu, barua zangu ulikuwa ukizipata?"

"Nilikuwa nikizipata, mama."

"Nilikuwa nikiandika kwa herufi gani?"

Jamani! Mamangu ameniandikia kila mwezi kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote, mashairi yao, mikataba yao, wasia wao. Hizo ndizo herufi alizozisoma Mbarak kwa Mwalimu wetu wa Kurani, mkeka mmoja na mimi. Na mimi nilizisoma barua za mama zote, nikazijibu, na haikunipitikia siku moja kwamba huko nako ni kusoma!

"Basi na mimi ni jahili," akasema mama. "Umeniita jahili mbele ya wenzangu. Sikulaani, mwanangu. Lakini leo usinisemeshe."

Mtaa haukunitukana. Ingekuwa nafuu. Nikipita walinijibu salamu yangu kwa ukamilifu, waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, kama mtu amjibuvyo afisa wa serikali. Mwenye duka la kona aliyezoea kunitania, "Bwana Shahada, nchi yaendeleaje?" sasa alinipa sukari yangu na kunyamaza.

Siku ya tatu nikaenda Biashara Street. Mbarak alikuwa kwenye cherehani yake, anapinda ukingo wa leso. Nilisimama mbele yake kama mteja asiyejua anataka nini.

"Kaa," akasema. "Waziba mwanga."

Nikakaa. "Mbarak, nimekuja kukutaka radhi. Na nimekuja kukufunza herufi. Tuanze leo."

Aliendelea na ukingo mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Leo?" akasema. "Leo nizifanyie nini?"

Akafungua mtoto wa meza akatoa daftari. Ndani mlikuwa na mchezo wote, maneno yake na ya wenzake, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, safi, mistari imenyooka, pembeni ameweka alama pa kukohoa na pa kukuna kidevu.

"Nilitaka nimwendee yule bwana baada ya mchezo, akiwa bado acheka," akasema. "Nimwoneshe hili. Nimwambie, bwana, mimi nasoma, ila nasoma hizi. Nipe karatasi zako siku moja kabla, nitazinakili kwa mkono wangu, na hutanikuta nimekosa neno. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyosimama." Akafunga daftari. "Angeweza kukataa. Lakini ningemwambia mimi mwenyewe, na kwa maneno yangu. Wewe ulinitangulia."

"Nilidhani umenicheka."

"Nilikucheka! Ulitaka nikuigeje, nikulie?" Kidogo alitaka kutabasamu, kisha akaacha. "Wewe ni ndugu yangu. Ningekuigaje kama si ndugu yangu?"

Nikamwambia nitamwandikia bwana wa redio. Nitamweleza kila kitu, habari ya herufi, habari ya daftari, kwamba nilisema uongo kwa hasira. Mbarak akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Utaandika?"

"Nitaandika leo."

"Basi andika," akasema, na akavuta kitambaa kingine. Lakini niliona mkono wake umetulia kidogo juu ya gurudumu. Alikuwa na tumaini. Nililiona kwa macho yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ungamo langu hasa liko hapa.

Nilikaa kuandika jioni ile ile. Niandike kwa Kiingereza au kwa Kiswahili? Kiingereza kingeonesha uzito, lakini je, hakitaonekana majivuno? Nikaandika kwa Kiswahili. Kesho yake nikaona sentensi ya pili inanisafisha mno. Nikaichana. Nikaandika ya kujilaumu, nikaona sasa yote ni habari zangu, Mbarak hayumo. Nikaichana. Siku ya nne nilipoteza asubuhi nzima nikipima kama niandike "herufi za Kiarabu" au "maandishi yetu ya asili." Siku ya sita barua ilikuwa tayari, ila nikaona mwandiko umeinama mwishoni. Nikainakili upya.

Siku nane! Barua ya ukurasa mmoja ilinichukua siku nane, na posta iko mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwetu!

Jibu lilikuja upesi. Yule bwana aliandika kwa heshima. Alisema amefurahi kuelezwa, kwamba hata babake mwenyewe aliandika kwa herufi hizo, na kwamba kumpa mtu karatasi siku moja kabla si jambo gumu. Angempokea kwa mikono miwili. Ila nafasi walikuwa wameijaza siku tatu kabla barua yangu haijamfikia. Kama ingefika juma lililotangulia, akasema, hali ingekuwa nyingine.

Nililisoma jibu lile nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimelala kifudifudi.

Nikamwendea Mbarak. Nikamwambia, "Wamejibu. Nafasi imeshajaa." Basi. Kuhusu zile siku nane sikutamka. Akasema, "Haidhuru, ulijaribu," na akaniagizia kahawa. Akaniagizia kahawa! Nikainywa. Yeye akidhani mlango aliufunga yule mgeni, na mimi nikamwacha adhani hivyo kwa wiki tano.

Siku hizi mchezo wa redio hutoka mchana, maduka ya Ndia Kuu yote yameufungulia redio. Mtu waliyemchukua si mbaya. Ila nikipita njia ile nasikia kila mstari kwa sauti ya Mbarak, vile ambavyo yeye angeusema. Na nimemwona Mbarak akishusha mguu kwenye cherehani mchezo unapoanza, mashine ikanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho bila kumtazama mtu.

Nilipomaliza kuandika ungamo hili ili nilitume gazetini, nikaona nimelifanya tena. Nimekiri kwa herufi ambazo yeye hazisomi! Maelfu ya watu wangejua kabla yake. Aibu iliyonishika haina jina.

Kwa hiyo nikaliandika mara ya pili, kwa herufi zetu. Mwandiko wangu wa herufi hizo ni kama wa mtoto wa mwaka wa kwanza, na makosa ni mengi. Sikuyasahihisha. Juzi nikampelekea pale barazani.

Alilisoma mbele yangu, taratibu, kidole chake kikienda kutoka kulia. Mahali fulani alinisahihisha neno kwa kalamu yake ya kutilia nguo alama, bila kusema. Alipofika mwisho akalikunja.

"Siku nane?" akaniuliza.

"Siku nane."

Alitazama nje, kule wateja wanakopita. "Ningekupa radhi yako sasa hivi," akasema, "lakini itakuwa uongo. Niache kwanza."

Nikamwacha. Sijui atachukua muda gani, na sina haki ya kumuuliza.

Wenzangu mliosoma, mnaorudi makwenu na vyeti, nawaombeni. Ukiona watu wa kwenu wanakucheka, kaa chini na ucheke nao, huenda ndiyo siku wanayokupokea. Mtu akikutaka umfunze, mfunze kwa kitabu chochote kilicho karibu. Na kama umevunja kitu cha mtu, na barua ya kukitengeneza iko mezani kwako, usiipambe. Ipeleke posta leo, na makosa yake.